Pembe ya Kushoto ya Diwani

Ninyi mnaokuja karakana siku hizi mmebeba kompyuta mgongoni na kuniuliza, "Bibi, tuanzie wapi?", mimi nawajibu: anzieni kwa ng'ombe. Msicheke, sijachanganyikiwa. Nimechora vipuri vya karasha za kusaga mawe na pampu za maji hapa Kagongwa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi mpaka nilipostaafu mwaka jana. Lakini ukiniuliza ni lini hasa nilijifunza kukichora kitu kwenye kompyuta, kukiskani na kukichapa kikasimama mezani na miguu yake, nitakutajia fahali mmoja aliyeitwa Diwani, ambaye kwa nusu saa alikuwa ng'ombe pekee mkoani Shinyanga mwenye pembe mbili za kulia.

Jina langu la kwenye kitambulisho sitawasumbua nalo. Mniite Mama Kulwa kama wanavyoniita wote. Anayetaka kujua Doto yuko wapi, yuko Dodoma, na hapigi simu.

Karakana ilikuwa ya Bosi Hamisi, mtu wa Tanga aliyekuja huku kuuza nazi kwa wiki moja akakaa maisha. Alikuwa mwema sana, ila Kiswahili chake kilikuwa kirefu. Akitaka umpe spana alianza kwa kumshukuru Mungu, akapita kwa wazazi wako waliokulea vizuri, akagusia hali ya mvua, ndipo akafika kwenye spana, na wakati huo wewe umeshasahau umeiweka wapi. Likumbukeni hilo, litakuja kutuponza mbele ya safari.

Siku moja alikwenda Mwanza kununua mashine ya kukunja bati, akarudi na sanduku la kioo lenye taa ndani. Tulilizunguka. Masanja, mchomeleaji wetu, akasema hili ni kabati la chipsi, akauliza mayai yanawekwa upande gani. Mama mmoja wa jirani alisimama mlangoni na sahani yake mpaka tukamwonea huruma. Ilikuwa printa ya 3D. Pamoja nayo alikuja binti anayeitwa Neema, mdogo kuliko wanangu, kutufundisha.

"Shikamoo mama," akaniambia. "Mama, toa mkono wako hapo."

Ndivyo alivyokuwa, heshima na amri kwa pumzi moja. Nilimchukia siku mbili, halafu nikampenda. Yeye ndiye mwalimu wangu, na simwonei aibu kwa sababu ya umri. Mkikutana na mtu anayejua, msimwulize amezaliwa lini.

Alitueleza kwamba mashine inayeyusha uzi wa plastiki na kuuzungusha tabaka juu ya tabaka, kama mama anayefinyanga chungu kwa kuviringisha kamba za udongo. Hilo nililielewa upesi. Nilichokosa kuelewa ni kwamba kompyuta haina akili ya kukuuliza umekusudia nini. Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kigoda kwa ajili ya Bosi Hamisi. Nikachora vizuri, miguu mitatu, kikalio kimebonyea kidogo, nikaandika vipimo vyangu kwa sentimita kama nilivyozoea tangu shule. Mashine yenyewe inahesabu kwa milimita. Ilifanya kazi muda mfupi sana, ikapiga mlio wa kumaliza, tukafungua mlango tukadhani haijachapa kitu. Masanja ndiye aliyekiona. Kigoda kilikuwa pale katikati, kizuri kabisa, cha kukalia sisimizi.

Bosi Hamisi alikiweka kwenye kiganja, akamshukuru Mungu, akawashukuru wazazi wangu, akasema atapunguza kula ili kimtoshe.

Basi tazameni kipimo kabla ya kubonyeza. Na kitu kinachoingia ndani ya kingine kiachieni nafasi kidogo, unene wa kadi ya simu hivi, maana plastiki ikipoa hainyooki kama ulivyoichora. Na ndoano msiichape imesimama. Ilazeni, vinginevyo itavunjika penye tabaka mara tu ukiitundikia koti. Nimevunja ndoano nyingi mpaka nikajua hilo, na makoti ya watu yameanguka kwenye grisi.

Somo ambalo Neema alilirudia zaidi lilikuwa la jua. "Mama, uzi huu ni mzuri kwa anayejifunza, lakini joto hauliwezi. Ukiwekwa juani unalegea." Nikaitikia. Kisha nikamchapia Bosi Hamisi kishikio cha simu cha kubandika mbele ya usukani wa pikapu yake. Akaegesha Isaka, mji wa jirani, vioo vimefungwa, akaenda kunywa chai. Kurudi, kishikio kimeinama mpaka chini kama mtu anayetafuta kandambili chini ya kiti, na simu imedondokea kwenye pedeli.

Hapo mtu mwenye akili angesema, nimejifunza. Mimi nilisema, kosa ni la vioo. Joto lilifungiwa ndani, plastiki ya watu ikakosa hewa. Niliamini hivyo kwa moyo wote, na hakuna aliyenibishia kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa na ufunguo wa kabati la vifaa.

Sasa njooni kwa Masanja.

Masanja alikuwa kijana mrefu, mpole, fundi mzuri wa kuchomelea, na alikuwa na ng'ombe wachache kwao nje kidogo ya mji. Fahali wake mkubwa alimwita Diwani, kwa sababu alitembea polepole tumbo likiwa mbele, na kila alipokuta watu alisimama kama anasubiri kukaribishwa aseme neno. Alikuwa na pembe nzuri sana, pana, zimepinda kuingia ndani kama mikono ya mtu anayebeba kapu kichwani.

Masanja alikuwa amempata mchumba Masumbwe, anaitwa Mbuke, fundi cherehani, msichana mcheshi ambaye hata akiongea na wewe macho yake yanapima mabega yako. Mahari ilishakubaliwa. Kilichobaki ni kupeleka ng'ombe. Shida ilikuwa baba yake Mbuke, Mzee Shija.

Huyu mzee hakuna aliyewahi kumwona akicheka. Wengine walisema alicheka mara moja, Masumbwe ikiwa bado pori. Alipoongea aliweka mkono mbele ya mdomo, maneno yakatoka kupitia vidole, na jambo hilo lilifanya hata salamu yake isikike kama hukumu. Mchumba wa kwanza wa Mbuke alirudishwa na ng'ombe wake wote kwa sababu mtamba mmoja alikuwa na mkia nusu, nusu nyingine imeliwa na fisi. Ng'ombe wa mahari kwake alitakiwa awe kamili, toka ulimi mpaka kwato.

Alikuwa amekuja Kagongwa kuwaangalia ng'ombe. Akazunguka zizi zima kimya, akasimama mbele ya Diwani muda mrefu.

"Huyu," akasema kupitia vidole. "Huyu ndiye atatangulia kuingia kwangu. Huyu akikosekana, wengine msiwapakie."

Masanja akafurahi hadi akachomelea geti la mteja la chuma cha pua na kulisugua likang'aa kama kioo. Akaliegemeza ukutani nyumbani kwao. Diwani akapita, akajiona ndani ya geti, akadhani kuna diwani mwingine amekuja kugombea. Akarudi nyuma kupata nafasi, akalikimbilia. Geti lilibonyea kidogo tu. Pembe ya kushoto ya Diwani ilikatika katikati.

Ilikuwa Jumanne. Ng'ombe walitakiwa Masumbwe Jumamosi.

Jumatano asubuhi Masanja alikuja kusimama kando ya meza yangu, miwani ya kuchomelea usoni ingawa hakuwa anachomelea kitu.

"Mama Kulwa, nimemkosa Mbuke."

Akanieleza. Nikamwambia, "Panda gari sasa hivi uende Masumbwe, kamwambie mzee ukweli. Ng'ombe amevunjika pembe, hajavunja amri."

"Mama, yule alimrudisha mtu kwa mkia wa mtamba. Mimi ni pembe! Na ni ya huyohuyo aliyemchagua!"

Akaanza kulia. Miwani ile inabana vizuri, kwa hiyo machozi hayakupata pa kutokea, yakajaa humo ndani mpaka macho yake yakawa yanaogelea. Nilicheka, halafu nikaona uchungu kweli. Nilimpenda yule kijana kama mwanangu. Na wa kwangu, mnajua, hapigi simu.

Nikasema, "Ngosha, mwanaume wewe, nyamaza. Tutachapa pembe."

Kama mngeiona karakana siku ile! Bosi Hamisi, ambaye ndiye alikuwa mshenga, alitoa hotuba ya kubariki kazi. Tukachukua skana ya kunasa umbo la kitu, ambayo inafanana na pasi iliyokatwa waya, na kompyuta, na kwenda zizini.

Bwana mifugo alishapita, akasema pembe imekatika juu ya sehemu yenye uhai, haimuumi. Mpango wangu ulikuwa kuiskani ile nzima ya kulia, kuskani na kisiki cha kushoto, halafu nichape pembe yenye uwazi chini, ivalishwe juu ya kisiki kama kofia na kufungwa kwa mkanda wa mpira wa baiskeli chini ya nywele za utosi. Ulikuwa mpango mzuri na mpaka leo nautetea.

Sasa, pembe inang'aa, na skana haipendi kinachong'aa, mwanga unarudi ovyo. Wenye uwezo wana dawa ya kupuliza. Sisi tulipaka unga wa muhogo. Kabla sijawasha mashine ndama akaja, akailamba pembe yote ikawa safi kuliko mwanzo. Tukapaka tena. Safari hii ng'ombe wote wakaja. Diwani naye akausikia ule unga, akatoa ulimi kuutafuta, ulimi haukufika juu ya kichwa chake mwenyewe, akakasirika na kutuzungusha zizi zima.

Na kinachoskaniwa hakitakiwi kutikisika. Picha ya kwanza iliyotokea kwenye kompyuta ilikuwa ya mnyama mwenye masikio matatu na jicho shingoni. Bosi Hamisi akachungulia, akasema "Audhu billahi," akakumbuka kwamba ana udhu wa kutia.

Aliyetuokoa ni Masanja. Alimkuna Diwani chini ya shingo na kumwimbia wimbo wake wa kuchungia. Sauti yake ilikuwa mbaya mno, lakini Diwani alitulia tuli, nadhani kwa mshangao. Nikamzunguka taratibu, mara ya kwanza kwa juu, mara ya pili kwa chini, nikihakikisha kila picha inashika kipande cha ile iliyotangulia. Msiruke hapo. Mkiharakisha, kompyuta itaunganisha pembe na ukuta.

Nikakaa kuisafisha ile picha, nikaziba matundu, nikalainisha, nikaitengenezea uwazi wa kuvalia, nikabonyeza chapa. Umeme ukakatika, tukaanza upya kwa jenereta. Alhamisi mchana pembe ikatoka, nyeusi, nzuri, mikunjo yake yote ya asili ipo. Nilijipongeza kwa sauti. Tukaenda kuivalisha, ikaingia vizuri sana. Masanja akarudi nyuma hatua chache amtazame ng'ombe wake, akainamisha kichwa upande.

"Mama," akasema, "mbona kama anataka kukata kona?"

Pembe ya kulia imepinda kuelekea kushoto, kama ilivyoumbwa. Na ya kushoto nayo imepinda kuelekea kushoto, kwa sababu nilikuwa nimechapa pembe ya kulia tena. Ncha zote mbili zilielekea Isaka. Diwani alionekana kama amesimama kwenye upepo mkali.

Nikampigia Neema, aliyekuwa amesharudi Mwanza.

"Shikamoo mama. Mama, uliigeuza kama kwenye kioo kabla ya kuchapa?"

"Kioo gani?"

"Kuna kitufe, mama. Kimoja tu."

Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akasema aliniambia. Huyu binti alikuwa na kumbukumbu nzuri kupita kiasi.

"Kwani pembe yenyewe ni ya nini, mama?"

"Ya shughuli."

"Itakaa ndani au nje?"

"Ndani ya familia," nikamjibu, nikakata simu.

Nikabonyeza kitufe. Lakini uzi mweusi ulikuwa umekwishia kwenye ile pembe ya Isaka. Uliobaki kabatini ulikuwa wa kijani, kijani cha embe bichi, tulioununua kwa ajili ya mifuniko ya ndoo. Mwanza ni mbali na siku zimekwisha. Tukachapa pembe ya kijani, ikatoka imepinda kunakotakiwa, tukaipaka dawa nyeusi ya viatu na kuisugua kwa brashi. Nawaambia, ukisimama mbali kidogo ungeapa ni pembe. Ukisogea, ilinukia askari wa gwaride.

Nilifikiria habari ya jua, msidhani sikufikiria. Nikajiambia, lile lilikuwa suala la vioo. Ng'ombe hana vioo.

Jumamosi tulipakia ng'ombe kwenye Fuso, tukapita Kahama, tukafika Masumbwe bado asubuhi. Nilivaa kitenge changu kizuri na mwavuli wa maua. Kwa Mzee Shija watu walishajaa. Salamu zikaenda na kurudi, mwadila huku, mwadila kule. Ng'ombe wakapangwa uwanjani mbele ya zizi, Diwani mbele. Mzee Shija akapita akiwakagua, mkono mdomoni. Kwa Diwani akasimama. Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayemsalimia mwenzake. Akaendelea.

Masanja aliniangalia. Nikamwangalia. Tulikuwa tumepona. Kilichobaki ni kufungua zizi.

Ndipo Mzee Shija akasema, "Mshenga, sema machache."

Bosi Hamisi akasimama, akashika kanzu yake vizuri, akaanzia siku ya kuumbwa dunia.

Mnajua jua la Masumbwe kabla ya masika. Alipofika kwa Adamu nilisikia harufu ya dawa ya viatu. Alipoingia kwa Nuhu, niliona ncha ya pembe ya kushoto imeanza kuinama, kidogo tu, kama mtu anayesinzia kanisani. Nikainuka, nikafungua mwavuli wangu wa maua, nikaenda kusimama kando ya Diwani na kumfunika kichwa.

Watu wote wakageuka.

"Mayu," akasema Mzee Shija kupitia vidole, akiniita mama kwa Kisukuma, "ng'ombe anafunikwa mwavuli?"

Sijui maneno yalitoka wapi. "Ndiyo, baba. Kwetu ng'ombe wa heshima hapigwi jua mbele ya wakwe."

Nikajua nimekwisha. Kumbe upande wao kulikuwa na mzee mmoja mkongwe ambaye alikuwa akisinzia. Akatingisha kichwa kwa masikitiko. "Hata sisi zamani tulifanya hivyo," akasema. "Vijana ndio wameacha mila." Na akaamuru miavuli iletwe kwa ng'ombe waliobaki.

Ikaletwa. Kina mama wakajitokeza, wengine na miavuli, wengine na kanga, kila ng'ombe akapata mtu wa kumfunika. Bosi Hamisi, kuona heshima hiyo mpya, akaguswa moyo na kurudi nyuma kwa Nuhu kuongeza mengine.

Tungeweza kufaulu. Lakini Diwani hakupenda maua. Akaukwepa mwavuli, akapiga hatua mbele, akasimama katikati ya jua kali na tumbo lake, akisubiri kukaribishwa aseme neno. Masanja akaanza kumwimbia taratibu kutoka alikokaa. Pembe ikainama. Ikainama tena. Ikateremka polepole, bila haraka yoyote, mpaka ikafunika jicho. Diwani akatikisa kichwa, ikapiga huku, ikapiga kule kama sikio la mbuzi, na dawa ya viatu ikatoka, na kijani kikatokea.

Bosi Hamisi alinyamaza katikati ya neno. Sikuwahi kuliona jambo hilo kabla, wala baadaye.

Mzee Shija akaja. Akaishika pembe kwa vidole viwili, akaipinda, ikapindika. Akaitazama mikono yake, imekuwa myeusi.

"Hii nini?"

Nikafunga mwavuli wangu. "Plastiki, baba. Nimeichapa mimi kwa mashine. Pembe ilivunjika Jumanne. Kijana aliogopa, na mimi nikajiona fundi."

Masanja akapiga magoti kwenye vumbi na suti yake ya kushonewa na Mbuke. "Baba, nilikuwa sitaki kumkosa Mbuke. Sina sababu nyingine. Kama unaturudisha, turudishe, lakini mimi nitakuja tena, hata bila ng'ombe."

Mabega ya Mzee Shija yakaanza kutikisika. Nikasema, ndiyo hiyo, hasira imepanda, sasa tunapigwa. Diwani akatikisa kichwa tena na ile pembe ikamchapa mzee begani taratibu, pwa. Basi. Sauti ikatoka ndani ya yule mzee kama pampu iliyokaa miaka bila kuwashwa. Alikuwa anacheka. Mkono ukadondoka, mdomo ukafunguka, na mbele hakukuwa na jino hata moja, juu wala chini. Akashtuka, akaufunika mdomo haraka kwa mkono uleule wa dawa ya viatu. Alipoutoa, alikuwa na sharubu nyeusi kutoka shavu hili mpaka lile.

Hapo hakuna aliyebaki salama. Kina mama waliacha miavuli ikaanguka. Yule mkongwe wa mila alicheka mpaka akakohoa, ingawa nina uhakika hakuona kitu.

Mzee akajikaza, akakunja uso chini ya zile sharubu. "Nyamazeni! Ng'ombe mwenye kasoro haingii kwangu. Nilisema tangu mwanzo."

Dada yake, shangazi wa Mbuke, mama mmoja mnene aliyekuwa amemfunikia mtamba kwa kanga, akasema bila hata kusimama, "Yaya, kaka, hapana. Pembe unaipika mboga gani? Wewe ndama alikupiga kichwa ukabaki na ufizi, tumekurudisha wapi?"

Mzee Shija alimtazama dada yake, akatazama ng'ombe. Mbuke alikuwa ametoka mlangoni, futi ya kupimia nguo ingali shingoni, analia na kucheka kwa wakati mmoja.

"Mbuke," akasema baba yake, na safari hii hakuinua mkono. "Unamtaka huyu wa pembe za viatu?"

"Namtaka, baba."

"Haya. Fungueni zizi."

Diwani akatangulia kuingia, na pembe yake moja, tumbo mbele. Nikakaa chini palepale na kulia, na sijui kwa nini, maana mambo yalikuwa yameisha vizuri. Masanja alinikumbatia, akanipaka dawa ya viatu kitenge kizima. Bosi Hamisi akauliza kama anaweza kumalizia hotuba. Akaambiwa wali uko tayari.

Ile pembe Mzee Shija hakuirudisha. Ilipopoa ilikauka vilevile ilivyoinama, naye akaipigilia misumari ukutani kando ya mlango wake, akawa anatundika kofia. Mgeni akifika anaonyeshwa. Nimesikia mara nyingi kwamba ule mkono mbele ya mdomo uliisha siku ile, na sasa shida ya watu wa Masumbwe ni kumnyamazisha.

Neema nilimweleza yote. Alicheka, halafu akaniletea uzi wa aina nyingine unaostahimili jua, bila kunisema, na hilo liliniuma kuliko kusemwa. Tangu hapo kila kitu cha kukaa nje nimekichapa kwa uzi huo. Ninyi nanyi fanyeni hivyo, na msiniletee habari za vioo.

Mwaka jana, siku zangu za mwisho kazini, alikuja mzee mlangoni na kofia kichwani na kifurushi kwapani. Alikuwa Mzee Shija. Akafungua kifurushi. Pembe ya kijani, imepauka, imepasuka. Mjukuu wake, mtoto wa Masanja na Mbuke, alining'inia juu yake akaanguka nayo, na mbuzi akamalizia ncha.

Nikafurahi. Nilikuwa nimeisubiri nafasi hiyo kwa miaka. "Baba, tulia. Faili la ile nzuri bado ninalo, iliyosimama, kama ya Diwani mwenyewe. Nakuchapia kwa uzi wa jua, nyeusi kabisa, na hailegei tena."

"Yaya, mayu," akasema. "Iliyosimama siijui. Mimi nataka hii iliyolala."

Basi nikaipaka unga wa muhogo, nikaiskani. Haikutikisika, wala hakuja ndama. Nikaziba mpasuko, nikarudisha ncha iliyoliwa, kila mkunjo, kila mahali ilipolegea mbele ya wakwe. Kitufe cha kioo sikukigusa. Kazi yangu ya mwisho katika karakana ile, vijana, ilikuwa kunakili kosa langu mwenyewe, na ndiyo skani safi kuliko zote nilizowahi kupiga.

Ilipotoka kwenye mashine niliibana kwenye jiliwa ya benchi ili aione. Mzee Shija akavua kofia, akaitundika kuijaribu. Ikakaa. Akarudi nyuma kuitazama, akacheka, mdomo wazi mpaka ufizi wa mwisho, mikono yote miwili mfukoni.